Steshenari ya Nyegezi baada ya Windows 10: uchambuzi wa kisa kimoja

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi za steshenari za Mwanza, kuanzia zile za katikati ya jiji hadi Igoma, Buzuruga na Nyegezi. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo, na ndiyo maana wenye maduka wengi hawakuona kilichobadilika: mashine ziliwaka asubuhi, wateja wakaja na flashi zao, printa zikaendelea kutoa karatasi. Kilichokoma ni viraka vya kuziba mianya inayogunduliwa mwezi hadi mwezi. Kwa duka ambalo kutwa nzima linachomeka flashi za watu lisiowajua, na linafungua akaunti zao za mikopo ya elimu, maombi ya ajira na kodi, hilo ni jambo zito.

Kisa ninachokichambua ni cha steshenari moja iliyoko Nyegezi, kando ya njia iendayo Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mwenye duka ni mama ambaye asubuhi nyingi huwa soko la Mwaloni, Kirumba, kwenye biashara yake ya dagaa, na duka hubaki mikononi mwa binti wa kaunta, akisaidiwa na kijana wa kutoa kopi siku za msongamano. Mama huyu aliniomba ushauri: je, anunue kompyuta mpya, au zilizopo zinaweza kuendelea, na kama zinaendelea, ziendelee na mfumo upi?

Alikuwa na kompyuta tano. Tatu ni Dell OptiPlex 3020 zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski za kuzunguka za GB 500. Ya nne ni HP ProDesk 600 G4, ya kizazi cha nane, yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8. Ya tano ni MacBook Air ya mwaka 2017 ambayo kijana wake wa kumzaa huitumia kubuni kadi za harusi na mabango. Printa zilikuwa mbili: Epson L3150 ya matangi ya wino, inayochapa na kuskani, na Canon LBP2900, leza ndogo ya siku nyingi ambayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi za wanafunzi.

Kabla sijagusa mashine hata moja nilimuuliza anataka nini hasa. Akanijibu, "Mwanangu, kompyuta nzuri kwangu ni ile ambayo huyu binti akibaki nayo hanipigii simu nikiwa nauza dagaa." Naona kipimo hicho kina akili kuliko vipimo vingi vinavyotumiwa na wataalamu. Watu wengi huhukumu wepesi wa mfumo kwa siku ya kwanza: vitufe vikikaa palepale walipozoea, wanasema ni rahisi. Duka halitumii kompyuta siku moja. Wepesi wa kweli wa mfumo endeshi uko katika kiasi cha ujuzi unaodaiwa kwa mtu aliyekaa nao mwaka mzima, umeme ukikatika, flashi ikiingia na uchafu, sasisho likija katikati ya foleni, printa ikigoma saa nne asubuhi. Matunzo na wepesi, kwa hiyo, ni suala lilelile, na ndivyo nilivyolitazama.

Nilianza kwa kuangalia kazi zenyewe. Nilikaa kaunta nikitazama wateja wanaleta nini. Sehemu kubwa ya shughuli hufanyika ndani ya kivinjari: maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, usajili wa majina ya biashara BRELA, TIN, kontroo namba za malipo ya serikali. Kivinjari cha Chrome au Firefox ni kilekile katika Windows, macOS (mfumo wa kompyuta za Mac) na Linux (mfumo endeshi huria usiolipiwa), na tovuti hizo hazijali mashine inaendeshwa na nini. Fungu la pili ni kuchapa, kuskani na kutoa kopi. Fungu la tatu ni nyaraka za Word: ripoti za utafiti za wanafunzi wa chuo, mitihani ya walimu wa sekondari, barua na wasifu. Fungu hili la tatu ndilo lililoamua mambo, kama nitakavyoeleza.

Fundi aliyekuwa akilihudumia duka alikuwa na pendekezo lake: kupiga Windows 11 kwenye zile Dell tatu kwa njia ya mkato. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi (zipo chache sana za kizazi cha saba zilizoruhusiwa), kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. OptiPlex 3020 inakwama kwenye prosesa na TPM. Ni kweli zipo njia za kuruka ukaguzi huo wakati wa kusakinisha, na ni kweli pia kwamba mashine itawaka na kufanya kazi. Tatizo huja baadaye. Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayaletwi yenyewe kwenye mashine kama hiyo. Mtu lazima ayasakinishe kwa mkono, akiruka ukaguzi upya kila mara. Kwa kipimo cha mama, huo ni mwaliko wa fundi wa kila mwaka, kwa kompyuta tatu, na kila ziara ni siku ya kufunga meza.

Jambo jingine lilinisumbua zaidi kuliko TPM. Dell zile zilikuwa na Windows na Office zilizofunguliwa kwa programu za kughushi leseni, na ili programu hizo zifanye kazi, kinga ya virusi ilikuwa imezimwa na kuachwa imezimwa. Binti hakuwa na habari. Yeye alijua tu kwamba kompyuta "zinakula virusi" na kwamba kila baada ya muda lazima zipigwe Windows upya, na akadhani ndivyo kompyuta zilivyoumbwa. Huu ni mzigo ambao maduka mengi yanaubeba yakidhani ni udhaifu wa Windows, wakati Windows halali yenye Defender, kinga yake ya virusi, iliyowashwa na masasisho yanayoingia ni mfumo imara kabisa. Ninasisitiza hili kwa sababu mlinganisho wowote unaoweka Windows ya kughushi upande mmoja na Linux safi upande wa pili si wa haki.

Upo pia mpango wa nyongeza ya masasisho ya Windows 10. Kwa watu binafsi, kama ulivyotangazwa, unafika Oktoba 2026, na mtu huupata kwa Dola 30 au bila malipo akiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yake mtandaoni. Kwa mashirika na biashara ni Dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hurudufiwa kila mwaka unaofuata, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Mashine tatu kongwe zisizo na leseni halali hazistahili fedha hizo.

Kijana wa mwenye duka naye alikuwa na lake. "Mama, Mac haipigwi Windows kila mara," alisema, na ndani ya kauli hiyo kuna ukweli mwingi. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi yake kwenye mashine yake, sijaona mfumo unaodai kidogo kuliko macOS. Programu ya Preview inayokuja nayo inaunganisha PDF kadhaa kuwa moja, inapunguza ukubwa wa faili na kuweka saini, mambo ambayo katika Windows binti huyafanya kwa kupakia nyaraka za wateja kwenye tovuti asizozijua. Hilo la mwisho linanikera kweli: cheti cha kuzaliwa cha mtu na namba yake ya NIDA havipaswi kupelekwa kwenye seva isiyojulikana kwa ajili tu ya kupunguza ukubwa wa PDF. Kuhifadhi nakala za akiba kwa Time Machine nako hakuhitaji maelezo zaidi ya kuchomeka diski ya nje na kukubali.

Hata hivyo Mac ilishindwa mahali ambapo steshenari haiwezi kushindwa, yaani kwenye flashi za wateja. Flashi iliyoumbizwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows wa kuhifadhi mafaili, na zipo nyingi, Mac huisoma lakini haiwezi kuandika ndani yake bila programu ya ziada. Mteja anataka CV yake iliyorekebishwa irudi kwenye flashi yake, na mashine inakataa. Flashi za FAT32 na exFAT zinaandikika, ila Mac huacha humo vijifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, ambavyo kwenye Mac havionekani lakini mteja akienda kufungua kwenye Windows anaviona vimetapakaa kando ya kila waraka wake. Mwanafunzi mmoja alirudi dukani akiwa amekasirika, akidai ameambukizwa virusi. Hakuwa ameambukizwa chochote, lakini binti hakuwa na namna ya kumthibitishia, na mteja akaondoka na shaka yake.

Kuhusu umri, MacBook Air ya 2017 haivuki macOS Monterey, na Monterey iliacha kupata viraka mwaka 2024. Kwa hiyo kompyuta iliyosifiwa kuwa haina matatizo ilikuwa, kwa upande wa usalama, imeachwa nyuma kabla hata ya zile Dell. Kijana alipendekeza Mac mini ya M4, iliyoanza kuuzwa Novemba 2024 kwa Dola 599 huko Marekani, yenye RAM ya GB 16. Ni mashine nzuri sana. Lakini ikishafika Mwanza na kuongezewa skrini, kibodi na kinga ya umeme, fedha yake inatosha kuzifufua Dell zote tatu na bado ikabaki, na RAM yake haiwezi kuongezwa baadaye. Kwa wanaofikiria kununua Mac za Intel zilizotumika kwa sababu ni nafuu, wajue kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel.

Ikabaki Linux. Nilichagua Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inayojengwa juu ya Ubuntu 24.04 (aina nyingine ya Linux) na yenye ahadi ya masasisho hadi mwaka 2029. Toleo la Xfce ni jepesi na linafaa mashine za umri huu. Sababu kubwa ya kulichagua ni kwamba mtu anaweza kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuujaribu mfumo mzima bila kugusa kilichomo kwenye diski, na hapo ndipo printa, skana na Wi-Fi hupimwa kabla ya uamuzi wowote. Ningependa kila mwenye duka alijue hili, kwa sababu linaondoa hofu ya kuruka gizani.

Tuliongeza RAM hadi GB 8 na kuweka SSD kwenye kila Dell. Nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya wepesi aliouona binti ilitokana na SSD, wala haikutokana na Linux. Mashine iliyokuwa ikichukua muda wa mtu kwenda kununua maji na kurudi, sasa ilikuwa tayari kabla hajavuta kiti. Windows 10 ingeharakishwa vilevile na kifaa hichohicho. Kinachoitofautisha Mint ni kwamba ilikuwa halali, bure, na masasisho yake hayakuwa na tarehe ya mwisho iliyo karibu.

Siku ya kwanza binti aliuliza swali moja tu la maana: "Kaka, diski D imekwenda wapi?" Katika Linux hakuna herufi za diski, flashi hujitokeza kwa jina lake upande wa kushoto wa dirisha la mafaili, na ukimaliza unabofya alama ya kuitoa. Alilishika haraka. Menyu iko chini kushoto, Ctrl+C na Ctrl+P ni zilezile, jambo ambalo kwenye Mac lilimchanganya kwa sababu ya kitufe cha Command. Kwa wanaojali Kiswahili, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice, iliyozaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010, ni mrithi wa kazi hiyo. Binti alipendelea menyu za Kiingereza kwa kuwa alijifunzia Word humo, nami sikumlazimisha.

Kuhusu flashi, tofauti ilionekana upesi. Kirusi kilichoenea sana kwenye steshenari zetu ni kile kinachoficha mafolda ya mteja na kuweka mahali pake shotikati zenye majina yaleyale. Mteja akibofya shotikati, folda inafunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi kinajinakili kwenye kompyuta na kusubiri flashi inayofuata. Kwenye Windows, mafundi huandika amri ya attrib kuyarudisha mafolda yaliyofichwa, na kazi hiyo alikuwa akiifanya fundi, si binti. Kwenye Mint, ile alama ya kuficha inayowekwa na Windows haizingatiwi: folda halisi la mteja linaonekana palepale, wakati mwingine likiwa ndani ya folda lisilo na jina, na zile shotikati hulala kando yake kama vijifaili visivyofanya kitu. Binti alifundishwa kunakili mafolda halisi kwenye mashine, kufuta shotikati na faili la kirusi, kisha kuyarudisha. Wiki chache baadaye wanafunzi walikuwa wakija dukani kwa ajili ya huduma hiyo pekee. Sisemi Linux haina virusi duniani. Nasema virusi vya flashi vinavyozunguka Nyegezi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviwezi kuendeshwa humo.

Faida ya pili sikuwa nimeipa uzito mwanzoni. Duka lilikuwa na kompyuta moja ambayo wateja hukaa wenyewe, wakafungua barua pepe na akaunti zao, wakaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Anayefuata anakuta sanduku la barua la mwenzake liko wazi. Mint ina kipindi cha mgeni, ambacho huwashwa mara moja kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mgeni akimaliza na kutoka, kila alichofungua, kupakua na kuhifadhi kinafutika. Mac nayo inayo akaunti ya mgeni. Ile ya Windows 7 iliyowashwa kwa kubofya tu haimo tena katika mipangilio ya kawaida ya Windows 10 na 11, na kuunda mbadala wake kunahitaji mtu anayejua. Kwa duka linaloshika siri za watu, ningeichagua Mint kwa sababu hii hata kama nyingine zote zisingekuwapo. Sharti lake ni moja: mteja aambiwe kabla hajaanza kwamba asipohifadhi kwenye flashi yake, kazi itapotea. Tangazo liliandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa juu ya skrini.

Sasa nije kwenye nyaraka za Word, mahali Linux ilipokwama. Tulichukua ripoti ya utafiti ya mwanafunzi, yenye Times New Roman, nafasi mbili kati ya mistari, majedwali na orodha ya yaliyomo, tukaifungua kwenye LibreOffice. Maandishi ya kawaida yalikaa vizuri, kwa sababu fonti mbadala iitwayo Liberation Serif imetengenezwa kwa vipimo vilevile vya upana, kama Carlito ilivyo kwa Calibri. Lakini tulipofika kwenye ule mchoro wa visanduku na mishale ambao karibu kila mwanafunzi huuweka katika sura ya pili, visanduku vilikuwa vimesogea na mishale imebaki ikielekeza mahali patupu. Mtihani wa hisabati wa mwalimu mmoja ulikuwa mbaya zaidi: sehemu na vipeo viliandikwa kwa kihariri cha zamani cha Equation 3.0, ambacho hata Microsoft ilikiondoa kwenye Office Januari 2018 kwa sababu za usalama, na maswali mawili yalitoka na nafasi tupu mahali pa fomula. Mwalimu akiupeleka darasani mtihani wa namna hiyo, lawama ni za steshenari.

Hapa wapenzi wengi wa Linux hujibu kwamba watu wajifunze kutumia miundo huria ya nyaraka. Jibu hilo halimsaidii binti wa kaunta. Mteja amekuja na faili lake jinsi lilivyo, anasubiriwa na msimamizi wake chuoni, na anataka mishale ikae ilipokuwa. Kwa hiyo HP ProDesk, inayotimiza masharti yote ya Windows 11, ilipandishwa kwenda Windows 11 halali na kununuliwa Office 2024 yenye leseni ya biashara, inayolipiwa mara moja na kuhudumiwa hadi Oktoba 2029. Office 2019 iliyokuwapo ilimaliza muda wake siku ileile ya Windows 10, kwa hiyo gharama hiyo ingekuja tu. Utaratibu ukawa huu: PDF na kazi za mtandaoni huenda kwenye Dell zenye Mint, faili la Word linalohitaji kuhaririwa au kuchapwa likiwa na michoro huenda kwenye HP.

Printa ziligawanyika. Epson yenyewe hutoa dereva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa) na programu ya kuskani kwa ajili ya Linux, na L3150 ilifanya kazi zote mbili. Canon LBP2900 ilikuwa shida, kwa sababu hutumia lugha ya Canon iitwayo CAPT, na dereva wake wa Linux ni wa zamani na mgumu kusakinisha. Kuishirikisha kupitia mtandao kutoka kwenye HP hakukusaidia, kwa kuwa kompyuta inayotuma bado inadai dereva uleule. Suluhisho lilikuwa folda la pamoja kwenye HP: Dell huhifadhi PDF humo, na HP inachapa. Ni hatua moja ya ziada kwa kila kazi, na siku za msongamano hatua hiyo inaonekana. Anayenunua leza leo ahakikishe inapokea PostScript au PCL, lugha za printa zinazokubalika katika mifumo yote, au inachapa moja kwa moja kutoka kwenye simu bila dereva. Printa ya namna hiyo haitamfunga kwenye mfumo wowote.

Masasisho na umeme havitenganishwi katika mji huu. Jioni moja HP iliachwa na ile skrini ya kuomba isizimwe wakati sasisho likiendelea, umeme ukakatika, na asubuhi yake ilichukua muda mrefu ikirudisha mabadiliko nyuma huku wateja wamesimama. Hakuna kilichopotea, ila ile simu ambayo mama hakuitaka ilipigwa. Tuliweka UPS (betri ya akiba ya umeme) kwenye HP, tukaitambulisha intaneti ya bando kuwa ya kulipia kwa kipimo ili isipakue mambo makubwa bila ruhusa, na masasisho yakapangiwa Jumapili. Wakati huo Windows 11 iliruhusu kuyaahirisha hadi wiki 5 tu, kisha yalikuja. Mint hailazimishi: ngao ndogo pembeni huonyesha kwamba kuna kipya, na anayeamua ni mtu. Uhuru huo una hatari yake, kwa sababu binti mwenye kazi nyingi anaweza kuiacha ngao hiyo miezi mingi, na mfumo usiosasishwa hauna ubora juu ya Windows 10 iliyoachwa. Jumapili hiyohiyo ikawa siku ya ngao pia.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho la Mint, mambo si mepesi kama wengine wanavyodai. Vifurushi hubaki nusu vimesakinishwa, na tiba yake ni amri ya kuandikwa kwa mkono ambayo haifai kumtarajia binti aijue. Ndiyo maana Timeshift, programu inayopiga picha za mfumo na kuurudisha ulivyokuwa, iliwashwa kwenye kila Dell tangu mwanzo, na binti akaonyeshwa namna ya kuitumia mpaka akaifanya mwenyewe bila kuelekezwa. Timeshift kwa mpangilio wake wa kawaida haihifadhi nyaraka za mtumiaji. Kazi za wateja na hesabu za duka zinanakiliwa kwenye diski ya nje kila Jumamosi jioni.

MacBook ilibaki kwa kijana, kwa ajili ya kadi na mabango, na akaunti za wateja hazifunguliwi humo tena. Akitaka Mac mini, ainunue kwa fedha ya kazi zake za kubuni, huko inamfaa.

Lililobaki zito ni la fundi. Wanaojua kupiga Windows wapo kila mtaa wa Mwanza, lakini anayeweza kuikarabati Mint ni wa kutafuta, na nisingependa duka lisimame kwa kuningoja mimi. Tulikubaliana kwamba Dell ikikataa kabisa, haitatengenezwa. Itasakinishwa upya kutoka kwenye flashi iliyoandaliwa na kufungiwa kwenye droo, pamoja na karatasi ya hatua kwa Kiswahili, kazi ambayo kwenye SSD haizidi muda wa chakula cha mchana. Kijana wa kutoa kopi ameshaifanya kwenye Dell ya tatu, nikiwa nimesimama nyuma yake bila kusema neno, na alikwama mahali pamoja tu, kwenye kuchagua diski ya kusakinishia. Karatasi imeongezewa picha ya hatua hiyo.